Ng'ombe wa Kilwa ametoka wapi?

Wadau, leo naomba tuongelee nyama. Si mapishi, ni historia yake, maana wengi tunaitafuna bila kujua ilikotoka.

Siku hizi ukiwa Kilwa Masoko au Lindi mjini si ajabu kukuta watu wanachangishana. Mmoja anamfahamu mfugaji huko bara ya Kilwa, anampigia simu, ng'ombe mzima analipiwa, anachinjwa, watu wanagawana mafungu. Hesabu yake ni nyepesi. Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 250 akiwa hai hutoa kama kilo 120 za nyama na mifupa. Mkiwa saba, kila mmoja anaondoka na kilo 17 hivi, bila kupitia bucha. Kwa watu wa pwani kushirikiana ng'ombe si jambo jipya. Kwenye Idi kubwa watu saba huruhusiwa kuchangia mmoja. Kipya ni huyo mfugaji. Mwaka 2000 ungemtafuta wapi?

Tuanze mbali kidogo. Kilwa ya kale ilimjua ng'ombe. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, watafiti wa mambo ya kale wamechimbua mifupa ya ng'ombe na mbuzi pamoja na mabaki ya samaki. Huu ndio mji alioutembelea Ibn Battuta mwaka 1331, uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala. Lakini kitoweo cha kila siku kilikuwa samaki.

Bara ilikuwa habari nyingine. Msitu wake ulikuwa na mbung'o, na mbung'o huambukiza ng'ombe nagana, ugonjwa unaoweza kumaliza zizi zima. Dawa ya zamani dhidi ya mbung'o ni watu wenyewe: wanaishi, wanalima, wanafyeka. Wakiondoka, pori linarudi, na wanyama na mbung'o wanarudi nalo.

Na watu waliondolewa kweli. Vita ya Maji Maji ilianzia milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa, mwezi Julai 1905. Wajerumani waliizima kwa kuchoma vijiji na vyakula, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Miaka ya 1940 Waingereza nao wakawahamisha watu wa sehemu za Liwale kwa sababu ya malale, na ardhi yao ikaingizwa katika pori la akiba la Selous. Ndiyo maana hata baada ya Uhuru Lindi iliendelea kuwa miongoni mwa mikoa yenye ng'ombe wachache kabisa nchini. Wamatumbi, Wamachinga na Wamwera ni wakulima. Kuku na mbuzi wanao, lakini kundi la ng'ombe 300 halikuwa sehemu ya maisha ya kijiji.

Sasa njoo 2006. Mwaka ule nchi ilikuwa gizani kwa mgawo wa umeme, mabwawa ya Mtera na Kidatu yamekauka. Kidole kikaelekezwa kwa wafugaji wa Ihefu na bonde la Usangu, Mbarali, kwamba ng'ombe wao wanaumaliza mto Ruaha Mkuu. Kulikuwa na watafiti waliosema kilimo cha mpunga cha umwagiliaji nacho kinakunywa maji mengi. Haikusaidia. Kati ya 2006 na 2007 Wasukuma, Wabarabaig na wengineo wakaondolewa na mifugo yao, wengi wakielekezwa Lindi, Kilwa ikiwemo. Ng'ombe wengi walikufa njiani au baada ya kufika. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Rais Kikwete aliunda tume kuchunguza. Mwaka 2008 Usangu ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mlango ukafungwa.

Kwa hiyo, mdau, mfugaji unayempigia simu huenda hakuichagua Kilwa. Na mwenyeji wake naye hakuulizwa vizuri. Ng'ombe akiingia kwenye shamba la ufuta, zao linalomsomeshea mkulima wa Lindi watoto wake, msimu mzima umekwenda. Miaka iliyofuata imekuwa na ugomvi wa mashamba na maji, na watu wamekufa. Nyama ikiwa rahisi, nusu ya gharama yake imelipwa huko.

Je, tuache kununua? Hapana. Naona mfugaji anayepata mteja wa uhakika karibu naye ana sababu ya kupunguza kundi mapema, kabla ukame haujampunguzia. Ila tununue kwa utaratibu. Mwaka huohuo wa 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Tasnia ya Nyama, iliyoanzisha Bodi ya Nyama Tanzania. Ng'ombe akaguliwe kabla ya kuchinjwa, na nyama ikaguliwe baadaye. Usikubali kuambiwa bwana mifugo yuko mbali.

Na ukiongea na muuzaji, usiishie kwenye bei. Muulize ng'ombe wake wanalishwa wapi, na kama kijiji kimetenga eneo la malisho kwa makubaliano na wakulima. Akijibu bila kusita, nunua kwake na umwambie mwenzako. Akibabaika, jua kuna mkulima ambaye hujamsikia.