Sinema za mashujaa na matangazo ya jeshi

Hapa Migosi, Kisumu, mpwa wangu alimaliza kutazama Captain Marvel akaniambia: "Mjomba, nataka kuingia jeshini." Sikumkataza. Nilimweleza.

Shujaa wa filamu hiyo ni rubani wa Jeshi la Anga la Marekani. Ilipotoka mwaka 2019, jeshi hilo liliweka tangazo lenye marubani wanawake kwenye majumba ya sinema, kabla ya picha kuanza. Mwaka 2013 jeshi lao la akiba, National Guard, lilitafuta vijana kupitia Man of Steel. Watengenezaji filamu wakihitaji ndege za kivita, jeshi husoma mswada kwanza ndipo liwakubalie.

Kwetu KDF hutangaza nafasi magazetini: umri, elimu, urefu. Kuandikishwa ni bure. Anayekudai hela ni tapeli.

Shujaa wa sinema akianguka huinuka. Askari wetu wengi walioshambuliwa El Adde, Somalia, Januari 2016, hawakuinuka tena.

Mpwa wangu bado anataka kwenda. Aende, lakini kwa kujua, si kwa kupumbazwa na picha.