Silinda ya haidroli ya tipa (kani tuli)

Ukokotoaji wa kani tuli hutafuta nguvu ya kuushikilia mzigo uliotulia. Huku Fort Ternan, katika Kaunti ya Kericho, ambako vilima vya chai huteremkia mashamba ya miwa ya Muhoroni, mfano mzuri ni tipa ya murram.

Silinda hufungwa kwa pini ncha zote mbili, hivyo kani yake hufuata mstari unaoziunganisha pini hizo. Momenti huchukuliwa kwenye bawaba ya nyuma, ili kani za bawaba yenyewe zisiingie katika hesabu. Bodi na mzigo vikiwa tani 10 (kilonyutoni 98), kitovu cha uzito mita 2 kutoka bawaba, na silinda ya mbele ikisukuma wima mita 4 kutoka hapo, zinahitajika kilonyutoni 49. Kwa kipenyo cha ndani cha milimita 100, shinikizo la mafuta ni takriban baa 62.

Bodi ikipanda, kitovu cha uzito huisogelea bawaba kwa umbali wa mlalo na kani hupungua. Kwa hiyo silinda ya hatua nyingi huweza kumalizia na hatua zake nyembamba.

Hesabu hii hudhani ardhi tambarare, jambo adimu huku. Tipa ikiinama ubavu, silinda hupata kani ya pembeni ambayo haikuundwa kuibeba, na gari laweza kupinduka hata shinikizo likiwa la kutosha.