Akina Piccard wa Brussels: Damu au Karakana?

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii haidai kwamba uhunzi umo damuni. Yasema tu kwamba akuliaye karakanani hakosi kazi ya kushika. Ukoo wa Piccard, ambao husifiwa kuwa umezaliwa na mapenzi ya kuruka, unafaa kupimwa kwa methali hiyo.

Auguste Piccard, Mswisi, alianza kufundisha fizikia katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels mwaka 1922. Ili kuchunguza miale itokayo anga za mbali, alibuni tufe la alumini lisilopitisha hewa, likaning'inizwa chini ya puto kubwa. Mfuko wa utafiti wa Ubelgiji, FNRS, ulilipa gharama, na puto likaitwa kwa jina hilo. Tarehe 27 Mei 1931 yeye na Paul Kipfer walipaa kutoka Augsburg, Ujerumani, hadi mita 15,781.

Mwanawe Jacques, mzaliwa wa Brussels, hakupaa bali alizama. Januari 1960 yeye na Don Walsh walifika karibu mita 11,000 chini ya Pasifiki ndani ya Trieste, chombo kilichotokana na wazo lilelile la baba: tufe la kukaa watu chini, na juu yake petroli, iliyo nyepesi kuliko maji, badala ya gesi. Naye Jeannette, mke wa Jean, pacha wa Auguste, hakuwa na damu ya ukoo huo; hata hivyo mwaka 1934, huko Marekani, aliongoza puto hadi zaidi ya mita 17,000, akampita shemeji yake.

Mjukuu, Bertrand, alizunguka dunia kwa puto mwaka 1999 pamoja na Brian Jones. Lakini ndege yao ya nguvu za jua, Solar Impulse, ilipotua Brussels Mei 2011, rubani alikuwa mshirika wake, André Borschberg.

Kilichorithiwa, basi, ni karakana: vyombo, ujuzi, wafadhili, na nyumba ambamo safari ya hatari ilikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1931 Brussels hiyohiyo iliitawala Kongo, ambako hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954. Anayesema "ni damu" huwasifu waliopaa, na papo hapo huufuta mlango uliofungwa mbele ya wengine.