Nchi Jirani: Nani Amlinde Ofisa Ugavi Asemaye Kweli?

Askari huapa kuilinda nchi yake kwa silaha, lakini silaha hiyo hakuinunua yeye. Buti alizovaa, risasi alizofunga kiunoni, dawa zilizomo katika mkoba wa mganga wa kikosi na mafuta yanayoliendesha gari la doria, vyote vimepita katika mikono ya watu ambao aghalabu hawaonekani katika gwaride. Hao ni maofisa ugavi na watunza bohari. Wakiifanya kazi yao kwa uaminifu, ni nadra kusifiwa. Wakiiharibu, anayelipa gharama ni askari aliyeko mstari wa mbele na polisi aliyeko zamu usiku.

Ukweli huo Watanzania hawakuusoma vitabuni. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na kisha kulibomoa daraja la Kyaka, vita ile iliwadai Watanzania zaidi ya ushujaa. Malori na mabasi, ya umma na ya watu binafsi, yalikusanywa ili kuwafikisha wapiganaji na vifaa vyao mpakani, masafa marefu kutoka pwani. Kampala ilipokombolewa tarehe 11 Aprili 1979, ushindi ule ulikuwa wa wapiganaji, na ulikuwa pia wa waliohakikisha kwamba mpiganaji hakosi chakula, mafuta wala risasi.

Mwaka 1981 Tanzania ilitunga Sheria Namba 9 iliyounda bodi ya taifa ya kusimamia taaluma ya vifaa. Sheria nyingine ya mwaka 2007 ikaweka mahali pake Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Lakini kukiunda chombo ni jambo moja, na kukiongoza ni jambo jingine. Historia ya majirani wetu wawili, Uganda na Kenya, inatuonyesha jinsi jambo hilo la pili lilivyo zito.

Tuanze na Uganda. Mwaka 1998 nchi hiyo ilinunua kutoka Belarus helikopta 4 za kivita aina ya Mi-24. Zilipowasili 2 za kwanza, ilibainika kwamba hazikuwa katika hali ya kufaa kwa kazi iliyokusudiwa. Jambo hilo lilizua kelele kubwa nchini, na mwaka 2001 ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Julia Sebutinde, ambaye tangu mwaka 2012 amekuwa jaji katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Jaji huyo alikuwa amekwisha kuongoza uchunguzi mwingine, ule uliohusu jeshi la polisi la Uganda.

Swali ambalo kila askari angepaswa kujiuliza ni hili: ndege ya vita hainunuliwi kama gunia la mahindi sokoni. Kabla haijalipiwa, yupo anayeandika sifa zinazotakiwa, yupo anayeikagua, na yupo anayetia saini kwamba kilichopokewa ndicho kilichoagizwa. Katika mlolongo huo wa saini, inatosha mtu mmoja mwenye ujuzi aseme: kitu hiki hakifai, na kalamu yangu haitakigusa. Lakini mtu huyo akishasema hivyo, nani atasimama nyuma yake?

Uganda ilijibu sehemu ya swali hilo kwa sheria. Sheria ya mwaka 2003 ya ununuzi wa umma iliunda mamlaka ya kuusimamia, na ikaingiza hata vyombo vya ulinzi katika utaratibu huo kwa kugawanya mahitaji yao katika orodha mbili: ya wazi na ya siri. Mgawanyo huo una maana yake. Hakuna nchi inayotangaza gazetini idadi ya makombora yake. Lakini pazia la siri linaloshushwa ili adui asione, humzuia pia mwananchi asione, na humzuia mwandishi wa habari. Nyuma ya pazia hilo wanabaki wachache, na mmoja wao ni ofisa ugavi. Pale ambapo macho ya umma hayafiki, maadili ya mtu huyo ndiyo macho ya umma. Ndiyo maana Waganda waliona haja ya kuwa pia na chama cha wataalamu wa ununuzi, kiwalee na kuwaunganisha wenye kazi hiyo.

Sasa tuitazame Kenya. Wakati wa ukoloni, mahitaji makubwa ya serikali yalinunuliwa kupitia shirika la Crown Agents la London. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 kazi hiyo ilirudi nyumbani hatua kwa hatua, mikononi mwa bodi za zabuni chini ya Hazina. Mwaka 1978 ukatolewa mwongozo wa ugavi serikalini. Ulikuwa mwongozo tu, haukuwa sheria ya Bunge. Kwa hiyo aliyeukiuka alimwogopa mkubwa wake wa kazi kuliko alivyoiogopa mahakama. Na ikiwa aliyemwamuru aukiuke ni mkubwa huyo huyo, basi hakuwa na wa kumwogopa kabisa. Kanuni zenye nguvu ya kisheria hazikuja mpaka mwaka 2001.

Kisha, mwaka 2004, likafichuka jambo la Anglo Leasing. Serikali ya Kenya ilikuwa imetia saini mikataba na kampuni ya jina hilo, mmoja ukiwa wa mitambo ya kutengenezea pasipoti, na mwingine wa kuwajengea polisi maabara ya uchunguzi wa jinai. Kazi ya pasipoti, ambayo kampuni ya Ufaransa ilikuwa imeitajia bei ya yuro milioni 6 hivi, ilipewa Anglo Leasing kwa yuro milioni 30 hivi. Wachunguzi walipoifuata kampuni hiyo, walikuta jina na anwani. Kampuni yenyewe haikuonekana. Mashauri yaliyotokana na mikataba ya namna hiyo yalichukua miaka mingi mahakamani, na polisi wa Kenya waliendelea kupeleleza makosa ya jinai bila maabara waliyoahidiwa.

Aliyelisimamia jambo hilo ndani ya serikali alikuwa John Githongo, katibu mkuu aliyekabidhiwa mambo ya maadili na vita dhidi ya rushwa. Mwezi Februari 2005 alijiuzulu akiwa Uingereza, akabaki huko uhamishoni kwa miaka kadhaa. Na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Ikiwa katibu mkuu, mwenye ofisi yake Ikulu, hakuona usalama nyumbani baada ya kusema kweli, seuze ofisa ugavi wa wizara, mwenye mshahara mdogo, nyumba ya kupanga na watoto shuleni? Mtu kama huyo akiletewa hati ya uongo aitie saini, anajua kwamba akikubali huenda asigunduliwe, na akikataa atahamishwa kesho asubuhi.

Kenya ilitunga sheria mpya ya ununuzi wa umma mwaka 2005. Mwaka 2007 ikafuata Sheria Namba 17 ya kuwasimamia wataalamu wa ugavi, ambayo iliunda taasisi ya taifa ya taaluma hiyo, ijulikanayo kwa kifupi KISM, pamoja na bodi ya mitihani na kamati ya kuwaandikisha wataalamu. Sheria nyingine ya mwaka 2015 ikaagiza kwamba kazi ya ununuzi katika ofisi za umma ifanywe na wenye sifa za taaluma hiyo, na kwamba mkuu wa kitengo cha ununuzi awe mshauri wa kitaalamu wa ofisa masuhuli. Kwa maandishi, basi, ofisa ugavi alipandishwa kutoka karani wa kujaza fomu hadi mshauri. Lakini ushauri waweza kukataliwa, na mshauri aweza kufukuzwa. Uzito wake unategemea chama kilicho nyuma yake, na uzito wa chama unategemea anayekiongoza.

Mwenyekiti wa chama cha namna hii huchaguliwa na wanachama. Hilo ni jema, lakini lina mtego wake, kwa kuwa wanaomchagua ndio wale wale anaopaswa kuwaadhibu. Tena aghalabu yeye mwenyewe ni mwajiriwa, mwenye mkubwa wake wa kazi. Kazi ya kuwaandikisha watu na kuwapa vyeti haina maadui. Kazi ya kuwafuta wasiostahili ina maadui wengi. Na kazi ya kumtetea mwanachama mnyofu dhidi ya kigogo anayemwonea ina maadui wachache, lakini wenye nguvu. Kiongozi dhaifu huifanya ile ya kwanza kwa shangwe, huiahirisha ya pili, na ya tatu huisahau kabisa. Chama chake hugeuka kuwa kiwanda cha vyeti na mikutano ya kila mwaka hotelini.

Mtihani wa mambo hayo ulikuja tarehe 1 Juni 2018. Katika hotuba ya sikukuu ya Madaraka, baada ya kashfa ya fedha katika shirika la vijana wa kujenga taifa, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru wakuu wote wa vitengo vya ununuzi na uhasibu serikalini wakae kando, wahakikiwe upya, na hata wapimwe kwa mashine ya kutambua uongo. Kwa amri moja mwizi na mwaminifu waliwekwa kapu moja. Samaki mmoja akioza, wahenga walisema, wote wameoza.

Wapo walioishangilia amri hiyo, na hasira ya wananchi ilikuwa na sababu. Lakini taaluma yoyote ikifika mahali ambapo mkuu wa nchi anatafuta mashine ili kumjua mkweli, ni lazima ijiulize daftari lake la wanachama lina thamani gani. Daktari akishukiwa, baraza la madaktari huulizwa. Wakili akishukiwa, wenzake humhukumu. Ofisa ugavi naye angepaswa kuwa na chama ambacho neno lake linatosha: huyu tumemfuta, na huyu ni safi, msimguse. Neno kama hilo halipatikani siku ya kashfa. Hujengwa kwa miaka, kwa kuwafuta wachache kila inapobidi, ili walio wengi waaminike. Chama kisichowahi kumwadhibu mwovu hakina sauti ya kumtetea mwema.

Ndugu askari wa jeshi na polisi, haya si mambo ya majirani peke yao, wala si ya watu wa ofisini peke yao. Katika kila kikosi na kila kituo yupo mwenye funguo za ghala. Siku gari la vifaa linapofika, lipo jopo la kukagua na kupokea, na aghalabu mmoja wa wajumbe wake ni askari. Hesabu ya katoni ikipungua, au kitambaa cha sare kikiwa hafifu kuliko sampuli iliyokubaliwa, ataambiwa kwamba wakubwa wamekwisha kukubaliana, na kwamba yeye atie saini tu gari liondoke.

Mtunza bohari akikataa wakati huo, anamlinda askari ambaye hajaonana naye. Haki inadai kwamba askari huyo naye amlinde, kwa kushuhudia alichokiona, kwa kuandika hesabu iliyo ya kweli, na kwa kutomcheka anapohamishwa. Na wale waliopewa dhamana ya kuongoza vyama vya wataalamu wa ugavi, katika nchi zetu zote, wakumbuke kwamba watapimwa kwa jibu la swali moja: mwanachama wao aliposema hapana kwa ajili ya haki, je, alisimama peke yake?