Asili ya "Kutokufika"

Walimu wenzetu hapa Bujumbura hutuuliza mara kwa mara: je, lililo sahihi ni "kutofika" au "kutokufika"? Swali hili si dogo, kwani tumepata kuona karatasi za mtihani ambamo mwanafunzi alikatwa alama kwa kuandika moja la maneno hayo. Nasi tunakiri kwamba zamani tulikuwa miongoni mwa wakataji. Historia ya umbo lenyewe ndiyo iliyotusahihisha.

Asili yake ni kitenzi "kutoa". Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilitolewa mwaka 1870, alikwisha kuonyesha kwamba kitenzi-jina hukanushwa kwa neno hilo. Aliyesema "kutoa kufika" alikuwa kana kwamba anakiondoa kitendo cha kufika. Kwa wepesi wa ulimi, irabu "a" ikadondoka, likabaki "kutokufika". Kisha "ku" ya pili nayo ikaachwa, tukapata "kutofika". Basi maneno haya ni ndugu wa baba mmoja, mkubwa na mdogo, na hakuna astahiliye kukatiwa alama.

Hata hivyo, mpaka upo. Vitenzi vya silabi moja haviiachi "ku" hiyo, kwa kuwa shina lake ni fupi mno: twasema kutokula, kutokuja, kutokuwa. Hapa ndipo kalamu nyekundu ina kazi.

Kosa jingine hutokana na lugha za kigeni. Kiingereza na Kifaransa huweka neno la kukanusha mbele ya kitenzi-jina, na mwanafunzi azifuataye huandika "si kufanya" mahali pa "kutofanya". Kumbe lugha ya nyumbani ingemfaa zaidi! Kirundi husema "gukora", na kukanusha kwake ni "kudakora": alama ya kukanusha huingia ndani ya neno, baada ya kiambishi cha mwanzo, kama ifanyavyo "to" yetu. Hatusemi kwamba alama hizo zina asili moja. Mahali pake ndipo palipo pamoja. Mwalimu na aanzie hapo.

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, haja ya kukifundisha Kiswahili kwa uangalifu imezidi. Tumsahihishe mwanafunzi kwa sababu tunayoweza kumweleza. Pasipo sababu, kalamu nyekundu na itulie.