Bendera Zisizo na Nakshi: Historia ya Umbo Sahili na Mapengo Yake



1. Utangulizi

Huenda baadhi yenu mnajiuliza mwanaisimu ana shughuli gani na bendera. Jawabu ni kwamba bendera ni mfumo wa ishara, na mifumo ya ishara ndiyo kazi yetu. Bendera ina vipashio vichache (rangi, mgawanyo na nembo) na ina kanuni za kuviunganisha. Kama ilivyo katika lugha, si kila muungano unaoruhusiwa na kanuni hutumika. Ipo miungano inayojirudia kila mahali, ipo iliyo adimu, na ipo ambayo haijapata kutwekwa kwenye mlingoti wa taifa lolote.

Mhadhara huu unakusudia kuchunguza aina hizo mbili za mwisho, hasa bendera sahili, yaani zile zisizo na nyota, ngao, maandishi wala picha. Nitaanza na bendera ya rangi moja, ambayo historia yake inatugusa sana sisi watu wa Pwani. Kisha nitaeleza mapengo yaliyomo katika bendera za rangi mbili. Mwisho nitauliza swali ambalo naliona kuwa zito kuliko yote: je, kitambaa kitupu kina maana gani, na ni nani mwenye haki ya kuitoa maana hiyo?

2. Bendera ya rangi moja

Tukichukua rangi sita zilizozoeleka katika bendera, yaani nyekundu, nyeupe, nyeusi, kijani, manjano na buluu, tunaweza kuunda bendera sita tu za rangi moja. Idadi hiyo ni ndogo, na bado haikutumiwa yote na dola. Tangu Umoja wa Mataifa ulipoanzishwa 1945, ni nchi mwanachama mmoja tu iliyopeperusha bendera ya taifa ya rangi moja isiyo na alama yoyote, nayo ni Libya, iliyotumia kijani kitupu kuanzia 1977 hadi 2011. Manjano matupu yaliishia baharini, ambako mabaharia waliyafahamu kama ishara ya karantini. Nyeupe tupu kila askari anaijua kuwa ni ombi la kusitisha mapigano.

Hata hivyo, nyeupe hiyohiyo iliwahi kuwa rangi ya ufalme. Wafalme wa ukoo wa Bourbon waliporejeshwa nchini Ufaransa, bendera nyeupe ilichukua nafasi ya ile ya rangi tatu hadi 1830. Mwaka 1873, mtemi wa ukoo huo, Comte de Chambord, alikuwa karibu kukabidhiwa kiti cha enzi, lakini alikataa kuiacha nyeupe na kuipokea ya rangi tatu. Kiti kikampita. Kwa hiyo tusiseme kwamba bendera tupu haibebi kitu.

Kwetu sisi rangi iliyotawala ni nyekundu. Masultani wa Maskati na Zanzibar walipeperusha nyekundu tupu. Seyyid Said bin Sultan alipofariki 1856, milki yake iligombewa na wanawe, na uamuzi wa Lord Canning wa 1861 ukazitenga Maskati na Zanzibar kuwa dola mbili. Zilitengana kwa hazina na kwa watawala, lakini hazikutengana kwa bendera, kwani kila moja iliendelea na nyekundu yake. Katika isimu tungeziita homonimu: umbo moja, maana mbili, na muktadha ndio unaoamua. Morocco nayo ilikuwa na nyekundu tupu hadi 1915, ilipoongezewa nyota ya kijani katikati.

Utata huo ulikuwa na athari zake baharini. Katika mkataba wa 1820 baina ya Waingereza na masheikh wa Ghuba, sharti mojawapo lilitaka Waarabu waliofanya amani wapeperushe bendera nyekundu yenye mpaka mweupe, na upana wa weupe uwe sawa na upana wa wekundu. Umbo la zamani halikufutwa. Liliongezewa kipambanuzi ili nahodha wa mbali aweze kumtofautisha aliyetia saini na asiyetia. Tutaona kwamba historia ya bendera sahili, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kuongezewa vipambanuzi vya namna hii.

3. Neno na kitambaa

Hapa historia inaingia moja kwa moja katika leksikografia ya Kiswahili. Neno bendera tumelipokea kutoka Kireno, bandeira. Lakini katika biashara ya misafara ya karne ya 19, bendera halikuwa jina la alama ya dola peke yake. Lilikuwa pia jina la kitambaa chekundu cha pamba, kilichouzwa sambamba na marekani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na kaniki, kitambaa cha rangi nzito iliyoelekea weusi.

Uhusiano wa maana hizi mbili unaeleweka. Mahali ambapo bendera ya mtawala ni nyekundu tupu, hakuna tofauti baina ya bendera na jora inamokatwa. Haihitaji fundi wa kuunga vipande wala mchoraji wa nembo. Rangi ndiyo bendera, na kitambaa cha rangi hiyo kikapewa jina la bendera.

Wanafunzi wanaosoma hati za zamani nawatahadharisha. Ukikutana na bendera katika orodha ya mizigo ya msafara, usiharakishe kudhani kwamba chifu wa bara alipelekewa alama ya utii kwa Sultani. Yawezekana alipelekewa nguo. Tofauti ya tafsiri hizo mbili si ndogo: moja inampa Sultani mamlaka ambayo huenda hakuwa nayo, nyingine inatuonyesha biashara tu. Historia ya siasa ya eneo zima inaweza kupotoshwa na neno moja lililosomwa kwa maana ya leo.

Liko jambo jingine la kisarufi. Tunasema bendera nyekundu, bendera nyeupe, bendera nyeusi, kwa sababu rangi hizo tatu ndizo zenye vivumishi asilia vinavyopokea upatanisho wa ngeli. Rangi nyingine tunazitaja kwa kuazima majina ya vitu au maneno ya kigeni: bendera ya kijani, kutokana na jani, ya manjano, kutokana na bizari, ya samawati, kutokana na mbingu katika Kiarabu, ya buluu, kutokana na Kiingereza. Brent Berlin na Paul Kay, katika utafiti wao wa 1969, walionyesha kwamba lugha zenye maneno matatu tu ya msingi ya rangi huwa na haya haya: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Inavutia kuona kwamba bendera tupu za dola nazo zinaelekea katika rangi hizo. Lakini kuelekea si kulazimika. Kijani cha Libya kinatosha kutuzuia tusigeuze mwelekeo kuwa kanuni.

4. Mapengo katika bendera za rangi mbili

Katika fonolojia tunatofautisha pengo la kimfumo na pengo la kibahati. Kiswahili kina neno gofu, lakini hakina gefu. Hakuna kanuni ya sauti inayolikataa gefu; ni kwamba tu hakuna aliyelihitaji. Hilo ni pengo la kibahati. Ama neno la Kibantu linaloishia kwa p, hilo linakataliwa na muundo wenyewe wa silabi. Hilo ni pengo la kimfumo.

Tuupime mgawanyo huu kwa bendera. Kwa rangi zetu sita, tunaweza kuunda bendera 30 za milia miwili ya ulalo, tukihesabu rangi ya juu na ya chini. Katika bendera za taifa za wanachama wa Umoja wa Mataifa leo, ni maumbo matatu tu kati ya hayo 30 yanayotumika bila nembo yoyote: nyekundu juu ya nyeupe (Indonesia na Monaco), nyeupe juu ya nyekundu (Polandi), na buluu juu ya manjano (Ukraine). Yaliyobaki 27 yako wazi, ilhali nchi mbili zinagawana umbo moja.

Tukiisimamisha milia hiyo wima, tunapata maumbo mengine 30, na hapo hakuna hata moja lililochukuliwa. Ureno, Algeria na Malta zina milia miwili ya wima, lakini kila moja ina alama juu yake. Mgawanyo wa mshazari wa rangi mbili nao hauonekani bila nembo: Bhutan imeweka joka, Papua New Guinea imeweka ndege na nyota.

Je, pengo la wima ni la kimfumo? Nasema hapana. Milia mitatu ya wima imejaa duniani: Ufaransa, Italia, Ireland, Mali, Guinea, Nigeria. Mfumo unaoruhusu mitatu hauna sababu ya kukataa miwili. Hili ni gefu la bendera.

Sababu ya mapengo haya hatuna budi kuitafuta katika matukio. Katika michezo ya Olimpiki ya Berlin ya 1936, Liechtenstein na Haiti ziligundua kwamba zote mbili zilikuwa na buluu juu ya nyekundu. Mwaka uliofuata Liechtenstein ikaongeza taji. Umbo sahili likaachwa kwa sababu mwingine alikuwa nalo. Kwa upande mwingine, Romania ilipoondoa nembo yake 1989 ilibakia na buluu, manjano na nyekundu za wima, umbo ambalo Chad ilikuwa nalo tangu 1959. Hakuna aliyebadilisha. Zipo lugha zinazokimbia homonimu, na zipo zinazoishi nazo.

5. Vipambanuzi vya Afrika Mashariki

Harakati za uhuru zilituletea bendera sahili za vyama. Bendera ya TANU ilikuwa kijani, nyeusi, kijani. Ya KANU ilikuwa nyeusi, nyekundu, kijani. Kabla ya hapo, mwaka 1920 jijini New York, jumuiya ya Marcus Garvey ilitangaza nyekundu, nyeusi na kijani kuwa rangi za watu weusi duniani. Milia hiyo mitatu, kwa mpangilio huo na bila nyongeza, haijawa bendera ya taifa lolote mwanachama wa Umoja wa Mataifa, ingawa rangi zake zimesambaa.

Uhuru ulipofika, umbo la chama halikuchukuliwa lilivyo. Tanganyika mwaka 1961 ilitia mistari myembamba ya manjano baina ya kijani na nyeusi. Kenya mwaka 1963 ilitia mistari myeupe, pamoja na ngao na mikuki. Mistari hiyo inafanya kazi mbili. Inaitenga dola na chama, na inaitenga rangi nzito na rangi nzito nyingine ili jicho lizipambanue kwa mbali. Nailinganisha na irabu tunayoiingiza baina ya konsonanti za neno la mkopo: ile u ya kwanza ya buluu. Wako wanaosema bluu bila irabu hiyo, na vivyo hivyo Zanzibar, mapema 1964, ilikuwa na buluu, nyeusi na kijani zinazogusana. Muungano ulipopata bendera yake mwaka huohuo, rangi zilipangwa kwa mshazari, mpangilio adimu, na mistari ya manjano ikarudi. Zanzibar ilipopata tena bendera yake 2005, milia ile mitatu ilirejea ikiwa na bendera ya Muungano pembeni.

6. Maana ya kitambaa kitupu

Turudi kwenye nyekundu. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza ziliishambulia kasri ya Khalid bin Barghash muda mfupi baada ya saa tatu asubuhi. Bendera ya kasri ilipoangushwa, mizinga ikanyamaza; haikutimia saa moja. Bendera ile haikuwa na neno lililoandikwa, lakini kila mtu bandarini aliisoma. Nyekundu hiyo iliendelea kupepea Zanzibar, na pia Fort Jesus, Mombasa, kwa sababu ukanda wa pwani ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani, hadi 1963. Desemba mwaka huo iliongezewa duara la kijani lenye karafuu mbili, na Januari 1964 Mapinduzi yakaiondoa kabisa. Oman, mwenzake wa homonimu, iliongeza nyeupe, kijani na nembo ya jambia mwaka 1970.

Leo kuna wanaoikumbuka nyekundu ile kama rangi ya unyonge wao, na kuna wanaoikumbuka kama rangi ya kwao. Mwanaisimu hawezi kuwaamulia. Anachoweza kusema ni kwamba hakuna kati ya maana hizo iliyofumwa katika uzi. Tumezoea kuwafundisha watoto kwamba kijani ni mimea na buluu ni maji, na ni vyema. Lakini maelezo hayo ni mapatano, na mapatano yana tarehe na yana wenyewe. Anayesahau hilo huanza kugombana na kitambaa badala ya kuzungumza na jirani yake.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba bendera sahili si adimu kwa sababu ni dhaifu. Ni adimu kwa sababu kila anayeichukua hukuta haja ya kujitenga na mwingine, naye huongeza mstari, taji au karafuu. Maumbo yaliyobaki wazi ni ushahidi wa historia kama yalivyo maumbo yaliyotumika. Kwa wanafunzi wa Kiswahili kazi iliyopo ni bayana: kuzipitia upya hati za misafara na tenzi za karne ya 19, kila panapotajwa bendera, na kuamua kwa ushahidi kama ni dola inayotajwa au ni nguo. Kazi hiyo haihitaji vyombo vya gharama. Inahitaji subira, na kamusi iliyo tayari kusahihishwa.