Difu ya nyuma kwa gari lenye injini kubwa: angalia haya kabla hujalipa

Ukiamua kufunga 1JZ-GTE kwenye Mark II ya GX100 au GX110, fundi atakutajia gia boksi, rejeta na waya. Difu ya nyuma mara nyingi inabaki ileile iliyokuja na gari. Kwa mtu wa Sumbawanga anayeshuka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze, hilo si suala la hela tu. Difu ikikwama ghafla kwenye mteremko, matairi ya nyuma yanafunga na gari linaenda linakotaka lenyewe.

Watu huhesabu farasi, lakini kinachovunja meno ya difu ni nguvu ya kuzungusha, ile inayopimwa kwa Nm. Injini ya 1G-FE ya VVT-i ina kama Nm 200. 1JZ-GTE ya VVT-i ina Nm 378. Zidisha kwa gia ya kwanza ya 3.25, kisha kwa difu ya 3.9: ya kwanza inafikisha kama Nm 2,500 kwenye krauni, ya pili karibu Nm 4,800. Na hapo hujaachia klachi kwa fujo kwenye lami kavu, jambo linalovunja difu kuliko kingine chochote.

Kuna kitu watu wa huku wanasahau. Mji wetu uko juu ya mita 1,700, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Kwa hiyo ukihama kutoka injini ya kawaida kwenda ya turbo, difu yako ya Ufipa inabebeshwa mzigo mkubwa kuliko hesabu ya makaratasi inavyoonyesha.

Ukubwa wa krauni kwanza

Krauni ni gia kubwa ya mviringo ndani ya difu, na pinioni ni ile ndogo inayoizungusha. Krauni ikiwa pana, meno yanakuwa manene na mzigo unagawanyika vizuri. Marekani wenye magari ya mashindano hupenda difu ya Ford ya inchi 9, iliyoanza kutumika 1957. Usihangaike nayo, spea zake huku utazitafuta mpaka uzeeke. Kwa Mark II na Chaser, tafuta difu iliyotoka kwenye gari la turbo la familia hiyohiyo, kama Chaser Tourer V ya JZX100. Chukua na shafti zake mbili za pembeni, maana difu ngumu kwenye shafti dhaifu inahamisha tu mahali pa kuvunjikia.

Kwenye kibati cha gari la Toyota kuna mstari wa gia boksi na ekseli. Kodi ya ekseli huanza na herufi ya ukubwa, zinafuata tarakimu za uwiano, na mwisho alama ya aina ya difu. Ipige picha kabla ya kwenda kwenye spea za mtumba.

Uwiano na tochi ya trafiki

Difu ya 4.3 inapanda vizuri ukitoka Muze na mzigo. Ya 3.7 inatulia kwenye lami ya kwenda Laela na Tunduma, injini haipigi kelele, na pinioni yake huwa nene zaidi. Kwa injini yenye nguvu nyingi mimi ningechukua ya 3.7, kwa sababu nguvu ya kupanda tayari unayo.

Ila kwenye magari yanayosoma spidi kutoka gia boksi, ukitoa 4.3 ukaweka 3.7 mshale unaanza kudanganya. Unaingia Laela unaona 50, kumbe unakwenda 58. Tochi haitasikiliza habari za difu. Rekebisha usomaji wa spidi siku hiyohiyo.

Ya kawaida, ya LSD au ya kufunga

Difu ya kawaida kwenye matope ya masika inapeleka nguvu kwenye tairi linaloteleza. Hilo linazunguka peke yake, gia ndogo za ndani zinaungua, halafu tairi likishika ghafla kitu kinakatika. LSD ya sahani inapunguza tatizo hilo, ila inataka oili yake maalumu na sahani zinaisha. Torsen inatumia gia badala ya sahani, inadumu, lakini tairi moja likining'inia hewani haikusaidii sana. Kwa gari la mtaani na safari ndefu, Torsen ndiyo ningelipia.

Kuna wanaochomelea difu ili matairi yote mawili yazunguke pamoja. Achana nayo. Kwenye kona za lami gari linakataa kukunja, tairi zinaliwa, na shafti zinabeba mzigo usio wao. Isitoshe, chuma cha gia hizo kimekaushwa ngozi ya juu tu, na moto wa welding unaharibu ugumu huo. Wazee wa Ufipa waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye malungu walijua vizuri kwamba moto unatengeneza na moto unaharibu.

Ukifika kwa muuzaji

Omba ifunguliwe. Meno yenye rangi ya bluu yameungua, rudisha. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani, kwa hiyo usikubali krauni ya difu hii na pinioni ya ile. Hesabu meno: 43 kwa 10 ni 4.3, 37 kwa 10 ni 3.7. Zungusha pinioni huku umeshika krauni. Mchezo mdogo ni lazima uwepo, ila ukisikia inagonga, beringi au meno yamekwisha. Oili yenye harufu ya kuungua au vipande vya chuma unavyovihisi kwa vidole, ondoka.

Ikishafungwa, weka oili ya GL-5 yenye unene uliotajwa na mtengenezaji, badilisha baada ya kilomita 500 za kwanza, na usikanyage sana kipindi hicho. Asubuhi za Juni na Julai oili huwa nzito, endesha taratibu mpaka ipate joto. Ukikanyaga ikalia na ukiachia ikanyamaza, mrudishie fundi apange upya krauni na pinioni. Na kwa kuwa injini imebadilika, namba yake iliyo kwenye kadi ya gari inabidi ibadilishwe TRA.